Boliti Nne

Wewe pampu, tuambiane ukweli leo,
maana chama cha msingi hakipo hapa kusikiliza.
Ulikuja Usoke ndani ya kasha, umevikwa nailoni,
nami nikatia dole gumba kwenye wino
kwa ajili yako.
Msimu wa kwanza ulikohoa maji hadi kitaluni,
miche ya tumbaku ikanyanyuka kama watoto waliosikia kengele.
Msimu wa pili mnunuzi alishika jani, akalinusa,
akaandika daraja ambalo hata mbuzi wangu angelikataa.
Msimu wa tatu deni lilikuwa bado bichi
na kisima kimekauka.

Miaka sita ukakaa nyuma ya bani,
boliti nne miguuni, ubao chini yake.
Kuku akakuzoea, akatagia ubavuni mwako.

Akaja mtu wa chuma chakavu na mizani yake ya ndoano.
Kilo kumi na sita, akasema. Toa kutu, toa tope: kumi na tatu.
Nikaijua sauti ile. Wote wanaopima wamesoma shule moja.
Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka
Nyamizi alipotoka jikoni, majivu viganjani:
"Usimuuzie, baba. Nipe mimi."
Miaka kumi na mitano, anataka mashine ya maji isiyo na maji.
Nikampa, kama unavyompa mtoto mfupa acheze nao.

Sikujua kwamba ana meno.

Alikung'oa tumbo lote la maji
akabakiza ekseli tupu, inang'aa kwa grisi.
Kwa fundi Kapalala akaosha vipuri wiki tatu
apate dakika kumi za kuchomelewa.
Mabomba ya kitanda cha bweni yakawa mbavu.
Magurudumu ya toroli, moja jekundu, moja halina rangi.
Cheni ya pikipiki, imepunguzwa pingili kwa pingili.
Waya wa breki wa Foniksi ya marehemu babu yake
ukatoka mkononi mpaka kwenye kabureta.
Kiti ni gunia, nembo ya chama juu, sufi ndani:
angalau sasa tunaikalia.

Una springi moja nyembamba, wanaiita gavana,
inakushika usijipasue kwa pupa.
Vijana wa gereji wakamwambia, ing'oe, itapaa.
"Iacheni," akasema. "Kuna mtu nyumbani
angekuwa nayo mapema, tusingedaiwa."
Hakunitazama aliposema.
Afadhali angenitazama.

Jumapili, kwenye njia ya kando ya reli,
akavuta kamba. Kimya.
Akavuta. Kimya.
Mara ya tisa kamba ikamtandika kifundo cha mkono.
Akapiga magoti, akachungulia ekzosi,
akatoa kwa kijiti nyumba ya nyigu, vyumba vitano vya udongo,
akaiweka pembeni polepole, kama anahamisha mpangaji.
Akavuta.

Ukakohoa kikohozi kilekile.
Nakijua. Nimekesha nacho misimu mitatu.
Shingo yangu ikageuka yenyewe kutazama kisima.
Lakini safari hii hukubaki ukitetemeka palepale
kama mbuzi wa kamba.
Ulikwenda.

Ulikwenda na mwanangu, magoti karibu na masikio,
kanga ya mama yake kiunoni, vumbi likiwafuata,
ukaipita ofisi ya chama na kofuli lake,
na kwa kuwa breki hatukuifikiria
mkaishia kwenye karanga za mama Kashindye
alizoanika tangu asubuhi.
Tulizichambua mchangani mpaka giza,
mwenyewe akihesabu kwa sauti.

Kabla ya kulala nikajaribu kukupanda.
Ulinguruma tu, hukusogea hata hatua.
"Gavana," akasema Nyamizi, anacheka. "Na kitambi, baba."

Leo amesimama mlangoni na chupa tupu ya soda.
"Elfu moja ya petroli. Nitarudisha."
Nikafungua fundo la leso, nikatoa.
Akauliza aandike wapi.
Nikamwambia, mwanangu,
usiandike popote.