Foronya

Ijumaa, Jadida, Wete. Keshokutwa Raya anaolewa
na mito sita imelala uchi ukumbini.
Sufi imetukaa puani, kwenye kope, kwenye chai.
Shangazi Mize ana sindano mdomoni, hasemi,
ananyoosha mkono tu. Nampa foronya:
nyeupe, maua ya kudarizi pembeni,
na herufi nyekundu nilizoshona mwenyewe, USIKU MWEM,
hapo uzi ukaniishia.

Ndipo Tatu, mtoto wa miaka saba, akauliza:
"Nguo ya mto mbona haiitwi nguo?"

Somo yake Raya akadai ni Kiarabu,
neno safi kama hilo litoke wapi kwengine.
Bi Kidawa akasema palikuwa na mshoni Mtambwe,
jina lake Foroni, zamani, kabla ya karafuu.
Kaburi lake hakuna alijuaye.
Mjomba Shaame, kakaa mlangoni akiikimbia sufi,
akasema bila kugeuka: "Kireno hicho.
Nilipokuwa melini, Maputo, nikiwasikia. Fronya. Hivyo hivyo."

Kimya. Halafu kicheko, halafu hasira.
"Mreno? Chini ya shavu langu?"
Bi Kidawa akausukuma mto kama kagusa kenge.
"Basi itupeni na meza," akasema Mjomba,
"na kasha la bibi harusi, na hiyo leso uliyojifunga."
Bi Kidawa akaishika leso kwa mikono miwili.

Mimi sikuwapo tena.
Nilikwenda kwa mwanamke asiyeandikwa popote
(namzua, sina ushahidi),
dobi, tuseme, wa nyumba ya wageni wenye mizinga,
kapewa furushi la nguo na neno juu yake,
neno lililobanana mwanzoni, f na r bila nafasi.
Ulimi wake ulizoea kila konsonanti na irabu yake,
kama kila mgeni na kikombe chake.
Akapenyeza o,
mshono mmoja mdogo,
fo-ro-nya,
akalifua, akalikamua, akalianika.
Lilipokauka lilikuwa letu.

Mizinga imeshika kutu. Amri zao nani azikumbuka?
Walitaka kisiwa kizima
na sisi tumebaki na mfuko wa mto.

Lakini yeye alilala wapi, huyo bibi?
Huenda alilipata neno, kitu chenyewe asikipate,
kichwa chake juu ya mkono wake, usiku baada ya usiku,
mkono ukifa ganzi, ananusa sabuni ya watu.

Saa nne. Tatu kalala juu ya mto wa bibi harusi,
mate yanaingia kwenye M ya mwisho.
Nataka kumwamsha. Shangazi anatoa sindano mdomoni,
neno lake la kwanza tangu magharibi:
"Mwache. Foronya hufuliwa."

Natafuta uzi mwekundu.
Imebaki A.