Namba Kumi na Nne

Ghalani Naliendele kazi yangu ni kupasua.
Kila gunia natoa korosho za kupima, kisu mkononi:
hii nyeupe, hii ya madoa, hii imeoza moyo,
kisha naandika daraja na mkulima ananuna.
Sahani haipasuliwi.
Nadhani hilo ndilo lililonitia wazimu wa kaure.

Jumamosi, nyuma ya soko la Mikindani,
Swedi Likapa anatandika turubai, anamwaga robota:
vikombe visivyo na wenzao, birika lisilo na kifuniko,
visahani vinne vya harusi nne.
"Vyote vya Uchina wa kale," anasema,
hata bakuli lenye picha ya sungura aliyevaa miwani.

Mwezi wa kwanza nilinunua kila kilichong'aa.
Dhahabu ya ukingoni ikaondoka na sabuni.
Mwezi wa pili nikajua kugonga kwa ukucha:
udongo husema du, kama mlango wa asiyetaka mgeni;
kaure husema ting, na ile ting haina haraka ya kufa.
Yenye ufa hukohoa.
Nikajua kuinyanyua juani
nikaona kivuli cha vidole vyangu upande wa pili,
kama mkono ndani ya maziwa.
Nikajua kugeuza. Siku zote geuza.
Uso wa sahani ni wa wageni, habari yake iko kitakoni,
kwenye duara lile lisilong'arishwa, kavu kama ulimi wa paka,
na kwenye muhuri, kama upo,
kama haukugongwa juzi.

Hii nilimpa elfu tatu.
Maua ya buluu, brashi imeteleza kwenye jani moja.
Nikafurahi: mashine haitelezi.
Ukingoni pengo, kiasi cha punje ya mchele.
Mlio wake mrefu, hata Swedi akageuka
na nikamwona anaijutia bei.

Muhuri, hakuna.
Ila nukta nyekundu, rangi ya kucha,
na pembeni yake nyingine, ndogo zaidi.
Usiku kucha nilizisaka nukta mbili
katika picha zangu za mihuri,
majoka, mataji, herufi nisizozijua.
Nikakisia umri. Nikakisia laki.
Nikalala na laki tatu, nikajenga choo.

Asubuhi Somoe wa maandazi aliitupia jicho mara moja,
mikono ina unga, hata hakuigusa.
"Hiyo ya kina Bi Mwanahawa Nangumbu, kule Magengeni.
Nukta ya mama, nukta ya binti.
Mimi yangu msalaba wa kijani.
Kwani kwenu mkiazimisha vyombo vya shughuli hamtii alama?"

Nikaipeleka, nimeizungushia gazeti.
Bi Mwanahawa hayupo tena. Binti yake, Asumini,
hakuniuliza nimeitoa wapi.
Alifungua kabati la waya, akahesabu kwa kidole,
moja hadi kumi na moja, polepole,
kana kwamba hesabu ingeweza kubadilika.
"Hitima ya babu Chilumba," akasema. "Mwaka wa mafuriko.
Mama alizunguka nyumba kwa nyumba wiki nzima.
Amekufa anamshuku shangazi."

Akaigeuza. Akaigusa ile nukta ndogo,
kwa ukucha ambao siku hizi haupakwi rangi.

Nikamtajia elfu tatu. Akanipa mbili
na korosho zilizobanguliwa, kiganja kimoja,
daraja la kwanza, sikuhitaji kisu.
Nikiwa nimefika barazani nikasikia inarudishwa kabatini:
ting,
na zile nyingine zikaitikia, si zote, zile za karibu.

Daftarini:
Na. 14. Sahani. Jani moja limeteleza.
Kasoro: pengo ukingoni.
Alama: ipo.
Hasara: elfu moja.
Korosho nimezila njiani.