Jibu la Nyusi

Mhadhiri katugawia karatasi za miraba:
"Choreni darasa lenu. Andikeni na vipimo."
Sasa saa kumi, Nuuk imekwisha kuzama gizani.
Paninnguaq, ninayeishi naye chumba kimoja,
keshachora meza ishirini, zimejipanga kama meno ya kitana.
Anapuliza kahawa yake, ananichungulia.
Mimi nina dirisha tu.

Dirisha, mita tatu kwa moja na nusu,
limeelekea kusini, penye pengo la milima miwili,
maana kule kijijini kwa mama
jua huaga Novemba bila kugeuka nyuma,
na likirudi Februari hurudi kwa woga,
dakika chache, kama mgeni asiye na hakika
na nyumba aliyoipigia hodi.
Siku hiyo sitafundisha hesabu.
Tutapanda juu ya meza, na viatu vyetu, ndiyo,
barua ya onyo mtaniandikia baadaye,
tuulaki ule ukanda mwekundu ukipita ukutani,
tuupime kwa rula, tuandike: sentimita nne.
Kumbe hesabu tumefundisha.

Vigingi vya makoti: kumi na kimoja,
na cha kumi na mbili cha mtoto nisiyemjua.
Chini yake, bomba la moto la kukaushia soksi.
Harufu naijua tangu sasa: manyoya ya mbwa,
mafuta ya sili, sabuni ya duka letu la pekee.
Naiacha. Haina kipimo kwenye miraba.

Kabati moja, lisilo na ufunguo.
Ndani mkate mweusi, jibini, samaki mkavu,
kwa atakayesema ameshakula
na tumbo lake likamkana mbele ya watu.
Sitauliza.

Hapa penseli inakwama.

Nilikuwa na miaka saba. Bwana Thorkild,
aliyetoka Denmark na tai yake ya sufu (hakuwa mbaya),
aliuliza kwa lugha yake: saba na nane, ni kumi na tano?
Nikanyanyua nyusi.
Kwetu nyusi zikipanda, ni ndiyo;
pua ikikunjwa, ni hapana, na mambo yamekwisha.
Akangoja.
Nikazinyanyua tena, juu zaidi,
hadi paji la uso likaniuma.
"Huna ulimi?"
Ulimi nilikuwa nao, umetulia mahali pake.
Nikatolewa nje, kwenye ujia,
nikayahesabu makoti yaliyoning'inia:
kumi na tano.

Basi kwangu jibu la nyusi litapata alama zote.
Naandika pembeni, kwa wino, nisije nikafuta.
Halafu tufe la dunia, lenye nchi yetu
kwa ukubwa wake wa kweli,
si ule uliovutwa kama chapati na ramani ya ukutani;
mdogo wangu Inunnguaq ajue kwamba hatuko wakubwa hivyo,
wala hatuko wadogo wa kusahaulika.

"Na huyu wa kumi na mbili?" Paninnguaq anagusa kigingi.
"Sijui. Labda hajazaliwa."
"Au anakuja na helikopta, mama yake
kapata kazi kiwanda cha samaki, wametoka Thailandi.
Nyusi zake zinasemaje?"

Kahawa imepoa. Nje theluji inapita chini ya taa
kama mtu anayechana barua.
Nilidhani nimemshinda Bwana Thorkild;
kumbe kiti chake bado kiko chumbani,
kinanisubiri nikikalie.

Nakifuta. Nachora kingine, kidogo, sawa na vyao,
sentimita thelathini kutoka sakafuni,
magoti yanigonge kidevu,
macho yangu yawe usawa wa macho ya mgeni
mpaka uso wake nijifunze kuusoma.
Kando yake naacha mraba mtupu. Siuandiki kitu.

"Umemaliza?" anauliza Paninnguaq.

Nakunja pua.