Haipo

Majirani wa Barabara ya Nane waliniuliza
harusi ni ya nani.
Kucha zangu zilikuwa na rangi ya hina iliyolala,
vidole vitatu vya mkono wa kulia,
na mimi sikuwa na harusi, nilikuwa na kazi:
kusafisha picha kwa Bwana Semkiwa,
nyuma ya mapazia mawili na mlango uliozibwa matambara
jua la Ngamiani lisipate pa kupenya.

Ndani, taa nyekundu. Beseni tatu.
La kwanza dawa ya kuamsha, ndiyo iliyonila kucha.
La pili siki, inayokata pua.
La tatu haipo.
Nilicheka siku ile. Haipo nini, Bwana?
"Jina lake tu, ndivyo nilivyolikuta.
Bila haipo picha haikai.
Itoe nje uone, itageuka masizi,
bwana na bibi harusi wote pamoja."

Vibano alivichonga mwenyewe kwa mwanzi wa Muheza,
ncha akazivika mpira wa ndani wa baiskeli.
Rangi hazina kazi kwenye taa nyekundu,
kwa hiyo alivitia mikato: mmoja, miwili, mitatu,
uvijue kwa kupapasa,
kila kimoja na beseni lake, kisihame.
Na niliposahau alighani, bila hata kugeuka:

*Chukua kibano chako, mkono una mwenyewe;
dawa haina rafiki, itakula hata wewe.*

Nilisahau kila mara.
Kibano kinataka adabu, karatasi inateleza,
na vitambulisho vya watu wa mkonge vilikuwa mia mbili na arobaini,
vyote vya Jumatatu asubuhi.
Kidole kina haraka.
Kidole kinajua pembe ya karatasi ilipo.

Ngozi kati ya vidole ikaanza kuwasha, kisha ikapasuka
kama tope la mikokoni maji yakishatoka.
Mama alikamulia ndimu kwenye changu
nikala kwa kijiko, mbele ya wageni,
mimi niliyelelewa kwamba kijiko ni cha mgonjwa.

Sikumwambia. Aliona mwenyewe.
Hakunigombeza. Alikunja mikono ya shati,
ambayo kwa miaka miwili sikuwahi kuiona imekunjwa,
akaweka viganja vyake chini ya taa
kama anayekagua kazi ya mteja.
Ngozi imekauka hadi inang'aa.
Vidole havina mistari.
"Msikitini nimeacha kupeana mikono," akasema.
"Wanadhani naringa."

Kesho yake nilikuta glavu juu ya stuli,
za nesi mmoja wa Bombo, aliyelipwa kwa picha za mwanawe,
na ndoo ya maji safi, na kopo la mafuta ya nazi.
"Ikikurukia, osha.
Usingoje picha iishe.
Picha hurudiwa."

Siku hizi pale wanauza mapazia.
Vibano ninavyo mimi, kwenye kasha.
Mjukuu alitaka kugeuzia maandazi kile cha mikato mitatu,
nikampokonya, akalia, nikaona haya.

Picha ya Semkiwa haipo.
Hakukubali kukaa upande ule wa kamera.
Ninayo moja tu aliyoiharibu,
bibi harusi wa Chumbageni, amekaa wima,
na juu ya bega lake la kushoto doa jeupe:
dole gumba.
Mtu alishika haipo kwa mkono mtupu,
akagusa karatasi kavu kabla haijaamshwa,
na pale alipogusa hakuna dawa iliyoweza kuamsha kitu.
Kosa lile lile alilonikataza.

Nyuma kuna tarehe, kwa penseli.
Mwaka huo mimi sijazaliwa,
yeye bado kijana, ana haraka.
Naisogeza dirishani, navaa miwani.
Mistari ya dole ipo,
yote,
naweza kuihesabu.