Chini ya Sabini

Majirani zetu wa Pasua wanacheka:
"Mama Haikaeli, usiku mnasaga mahindi?"
Nami nacheka nao. Wasichojua
ni kwamba mashine ikinguruma, nalala.
Ikizimika ndipo nakaa kitako.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Kifua cha Aminieli kinapanda, kinashuka,
kinapigana na kitu, ila puani hapatoki upepo.
Nimeweka mkono: hata wa kutikisa unyoya wa kifaranga.
Koo limejifunga lenyewe, nyama imelalia nyama.
Kumi na tisa. Ishirini.
Mgomba wa dirishani unadondosha maji ya mvua,
nahesabu kwa matone yake.

Huyu ni mtu aliyepanda Kibo mara mia mbili na kumi,
mizigo ya watu kichwani,
mahali hewa ilipo nyepesi kama uji wa shule.
Huko hakukosa pumzi.
Amekuja kuikosa kitandani kwake,
kwenye hewa nzito ya Moshi, tele, ya bure,
imejaa chumba hadi ndani ya neti.

Zamani, akirudi, alinieleza habari ya damu:
"Nayo ni wapagazi, mke wangu.
Inapita mapafuni kama sisi pale getini,
inapimiwa mzigo, inapanda."
Sasa nawaona wapagazi wake usiku:
wamefika getini, mzani upo, karani yupo,
mizigo haipo.
Na moyo, mnyapara asiyejua kusoma, anafoka:
Pandeni! Kimbieni!
Wanapanda mikono mitupu.
Wanafika juu wakitweta, na wenye njaa
wanawatazama mikononi.
Midomo yake inageuka rangi
ya ulimi wa mtoto aliyekula zambarau.

Thelathini na nne.

Sandukuni alibaki na kidude cha kubana kidole,
kile walichowavalisha wageni kambini kila jioni.
Sheria ilikuwa fupi: akishuka chini ya sabini
usibishane naye, mteremshe usiku huohuo.
Wiki iliyopita nilimbana nacho akiwa usingizini.
Themanini na tatu.
Sabini na sita.
Sitini na nane.
Nimteremshe wapi?
Hapa ndipo chini. Hapa ndipo wanapoteremshwa.

Arobaini na moja, na ubongo
(nadhani ni ubongo, hakuna mwingine aliye macho)
unavunja mlango kwa teke.
Anashtuka, anaivuta hewa kwa kishindo
kama mtu aliyeopolewa mferejini.
"Nini?" ananiuliza, kana kwamba ni mimi,
anajigeuza, amelala tena.
Asubuhi kichwa kinamgonga.
Kwenye mkutano wa chama cha kahawa
alisinzia na kalamu mkononi,
saini yake ikateremka hadi mwisho wa karatasi.
"Ni uzee," anasema. Ana miaka hamsini na miwili.

Daktari wa Mawenzi ametupa tarehe, mwezi ujao,
akalale hospitali amefungwa nyaya.
Kabla ya mwezi ujao kuna usiku mwingi.
Kwa hiyo nimechukua fulana yake ya kazi,
ile iliyofifia maandishi,
nikashona mfuko mgongoni, katikati ya mabega,
nikatia kokwa la parachichi
asiweze kulala chali.

Jana nilihesabu hadi kumi na mbili tu.
Mara mbili hadi ishirini.
Mara moja zaidi, sitaki kuitaja.

Alfajiri amekaa ukingoni mwa kitanda
anajipapasa mgongo, amenuna,
anauliza hili kokwa ni la parachichi la wapi.
La Kibosho, namwambia.
"Kubwa hivi?"