Sita Iliyopinduliwa

Namba ya kugongwa ndiyo niliyoiona kwanza,
mbele ya bloku, kwenye kijukwaa kilicho chini ya kichwa cha injini.
Nikailinganisha na logibuku ya mama,
aliyoihifadhi chini ya godoro pamoja na kitambulisho cha marehemu:
tarakimu kwa tarakimu, hakuna iliyopungua.
Laki nane, nikasema. Bwana Munyiri anataka hivyo tu,
gari na injini waliotoka tumbo moja.
Moyoni nikaezeka paa, nikalipa hospitali.

Ngumbao hakunijibu. Alisema: ondoa macho, leta kidole.

Nikapitisha kidole ubavuni mwa bloku,
pale grisi ilipoganda kama uji wa jana,
na chini yake nikaipata nyingine, ya kuvimba.

"Hiyo haikuandikwa. Hiyo ilizaliwa nayo.
Chuma kikiwa bado maji kilimwagwa kwenye kalibu ya mchanga,
na mchanga ulikuwa umeishika namba kinyumenyume.
Kilipopoa kikatoka nayo, kama mtoto na baka lake.
Mtu hagongi baka."

Dizeli kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Brashi ya waya.
Barani, saa nne asubuhi, bati linaalika kwa joto,
redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo.
Tukapaka unga wa chaki, tukafuta,
herufi zikabaki nyeupe:
K. Kisha 17. Kisha 4, peke yake.

K ni mwezi. A ni Januari, B Februari,
nikahesabu mpaka vidole vyangu vikaisha,
nikaazima kimoja cha Ngumbao: Novemba.
Tarehe kumi na saba, mwaka wa nne.
"Nne ya lini?"
"Hapo ndipo. Waliosubu hawakudhani
kuna mtu atauliza baada ya miaka kumi."

Hamsini na nne? Sitini na nne?
Katikati hapo bendera moja ilishuka, nyingine ikapanda,
na chuma hakikuandika lolote.
Lakini pikapu ya baba, Shevroleti ya kubeba korosho,
ni ya sitini na mbili.
Basi injini ama ina umri wa kuliamkia gari,
ama ilizaliwa gari likiwa tayari linakula vumbi la Gede.

Ngumbao akalaza tochi, mwanga ukatambaa juu ya namba ya kugongwa.
"Kisu cha kiwandani huacha mistari,
kama ufagio uani alfajiri. Unaiona?"
Sikuiona. Palikuwa laini kama shavu.
"Msasa umepita hapa. Sasa tazama sita, halafu tisa."
Sita ilikuwa na pengo tumboni.
Tisa ilikuwa na pengo lile lile, kichwani.

Akafungua sanduku lake: mihuri ya chuma, sifuri mpaka nane.
"Ya tisa iliangukia kisimani mvua za Elnino.
Tangu hapo naipindua sita.
Hata mdomoni ni hivyo, sita, tisa,
herufi zimebadilishana viti."

Akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.
"Baba yako alikuja usiku, na hii juu ya mkokoteni.
Ile ya kwanza ilikwenda Mombasa. Sikumuuliza.
Alinilipa korosho, magunia mawili."

"Lini?"
"Januari. Tisini na nane."

Januari ile nilikuwa na sanduku jipya la bati, la buluu,
KADZO CHENGO kwa rangi nyeupe mfunikoni,
na baba alilibeba begani mpaka stendi
kwa sababu, alisema, gari halijatengemaa.

Bwana Munyiri anafika Ijumaa kwa ndege ya saa tano.
Ngumbao ameuliza mara moja tu: tumwambie?
Nimechana karatasi ya daftari,
nimeilaza juu ya namba, nimesugua kwa penseli
polepole, mpaka tisa ikatoka na pengo lake.

Hii siiuzi. Hiyo nyingine, bado nafikiri.