Mpaka wa Chini

Nimengoja hadi baada ya Isha, Mkomani itulie,
maana punda mmoja wa kokoto
akipita chini ya dirisha la maabara
meza hutetemeka, na picha nzima huwa ukungu.
Lali amezima feni. Jasho ni letu, utulivu ni wa hadubini.

Juu ya jukwaa lake nimelaza karatasi ya kisima,
mstari wa nne, jina la aliyepewa.
Bila nukta, ni Mwana Alia.
Ukiweka nukta moja juu ya aini, ni Mwana Ghalia.
Dada wawili, kisima kimoja cha Langoni,
na sisi vitukuu hatuazimani hata chumvi.
Nimesema sisi. Mimi ni wa Alia.

Nukta ipo, kila mwenye macho anaiona.
Swali ni imekaa wapi.
Wino hunywewa na karatasi;
kisicho wino hukaa juu yake
kama mgeni asiyevua viatu.
Jicho halipimi kimo hicho. Mota hupima.

Nikamwambia Lali: andika.
Mpaka wa chini, hapa, nyuzi za karatasi zinapoanza kukaza.
Mpaka wa juu, pale kila kitu kinapopotea.
Kati yao mikroni sitini.
Hatua, moja na nusu; ukiirefusha tutaruka kitu,
ukiifupisha tutakesha bure.
"Picha arobaini," akasema.
Arobaini na moja. Hesabu na ile ya kabla hujanyanyua mguu.
Siku za mwizi ni arobaini, sisi tunamwongezea moja.

Shuka kwanza upite mpaka, kisha panda,
panda tu, usirudi nyuma:
meno ya mota yamelegea,
ukigeuza njia yatakudanganya.
Kila kituo pumua nusu sekunde, ndipo upige.

Tk. Kimya. Tk.
Mashine ikapanda ngazi isiyozidi unene wa unywele,
nasi tumeketi, mikono mapajani.

Picha ya tano: nyuzi, kama makuti yaliyosukwa na mlevi.
Ya tisa: mkia wa aini, wino umezama baina ya nyuzi.
Ya ishirini, karatasi imekwisha.
Ya thelathini na tatu, peke yake hewani,
nukta ikakaza:
kigaga kikavu, chenye mng'aro na mikunjo.
Lali akacheka hata akashika ukuta.
Mavi ya nzi!
Miaka yote ile, ndoa mbili zilizovunjwa,
maziko tuliyoyapitia mbali,
kwa haja ya nzi.

Ningezima hapo. Chai ilikuwa tayari,
simu mkononi, namba ya mama imeshafunguka.
Ila ile picha ya kwanza.
Kushoto kwa kigaga palikuwa na kivuli
ambacho makali yake hayajakaa,
na hiyo ndiyo ya chini kabisa,
bado kinangoja jicho lishuke.
Mashine haina hila. Hutazama ulipoituma.
Mpaka wa chini niliuweka mimi.

Lali hakuniangalia.
"Shusha," nikasema.
"Ngapi?"
"Kumi na tano."

Likatokea shimo.
Kingo zimenyooka, kazi ya wembe,
nyuzi zimekatwa vichwa vyote upande mmoja,
na kwenye kitako chake chembe za wino, tatu, labda nne,
zilizozama kuliko wembe ulivyothubutu.
Mtu alikwangua.
Nzi, asiye na ukoo, akaja akarudisha,
akakosea mahali kwa upana wa unywele.

"Tuhifadhi rundo lipi," Lali akauliza, "la kwanza au la pili?"

Nje punda akapita na mzigo wake.
Meza ikatetemeka.
Picha zilikuwa zimekwisha kupigwa.